Koti la Kuzikiwa

Mtu akimwita Felisita fundi viraka mbele yangu, tutagombana. Nasema mapema, asije mtu akalalamika baadaye kwamba Deodata ana mdomo. Mdomo ninao, na meza ya mitumba ninayo, hapa hapa senta ya Bukiriro, na cherehani ya Felisita iko ubavuni kwangu chini ya turubai moja. Kama kuna mwenye haki ya kumsema vibaya ni mimi, maana ndiye anayeninyima wateja wa nguo za watoto. Na mimi simsemi. Nampigia saluti.

Mama anakuja na suruali ya mumewe iliyoisha makalioni, ile ambayo hata kuipigia deki ungeona aibu, na anaondoka na kaptula. Kitenge kilichopasuka katikati kinatoa magauni mawili. Shati lililoliwa kola linatoa blauzi ya mtoto wa chekechea, na vifungo vyake vile vile. Siku moja nilimuuliza anawezaje. Akanijibu huku ana pini mdomoni kwamba nguo haichakai yote, inachakaa mahali. Wewe tafuta pale ambapo haijachakaa, chini ya mfuko, nyuma ya kola, ndani ya pindo. Basi. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda kisimani.

Ila ana jambo moja linaloniudhi mpaka leo. Ni mtu wa polepole, jamani. Hagusi mkasi kabla hajafumua. Anakaa na wembe wake, anakata uzi mshono kwa mshono, mpaka nguo inarudi kuwa vipande kama siku ilipokatwa. Vipande anavifua, anavianika, anavipiga pasi ya mkaa, anavigeuza upande huu na huu kwenye mwanga. Ndipo anaanza kufikiria. Wateja wanasimama pale wanapiga miayo. Nilishamwambia kwamba hadi ashike mkasi huyo mtoto atakuwa ameshaoa, akacheka tu. Na pindo anaacha pana, kiganja kizima, mwenyewe anaita akiba. Ukiona mtoto wa Bukiriro ana sketi yenye mstari wa rangi iliyokoza kuelekea chini, ujue hiyo ni kazi ya Felisita, na mtoto kaongezeka kimo wakamshushia.

Sasa sikilizeni habari ya koti.

Niragira ni mke wa Fideli, mtoto wa mwisho wa mzee Ndikumana. Kwao ni Nyamigogo, kule Biharamulo, na huko ndiko walikoishi na mumewe tangu waoane. Mama mkwe wake, bibi Marsiana, alipofariki, mzee akabaki peke yake na kuta. Fideli akamleta mkewe Bukiriro amtunze baba, yeye akarudi kwenye mashamba yao ya Nyamigogo. Wana binti mmoja, Happy, ambaye Januari hii alikuwa aanze darasa la kwanza.

Nyie wa mjini mnaopeana mikono na wakwe zenu mtatucheka, lakini huku wengi bado tunaheshimiana. Mke wa mtu hamkodolei macho baba mkwe. Haingii chumbani kwake, hatamki jina lake, hamwombi kitu kwa kinywa chake mwenyewe. Akikutana naye njiani anapisha. Neno likiwepo, linapita kwa mtoto. Kwa hiyo Happy, na udogo wake ule, ndiye aliyekuwa anaiendesha nyumba nzima. Mwambie babu chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba.

Na hilo la kushiba ndilo lililokuwa linamuumiza Niragira. Tangu bibi afariki, mzee alikuwa anadonoa chakula kama kifaranga. Ndizi na maharage anaonja, sahani inarudi. Ugali wa muhogo, hivyo hivyo. Alikonda mpaka mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Niragira alikuwa anakuja mezani kwangu akilia kwamba mzee hapendi mapishi yake, hampendi na yeye mwenyewe, na iko siku atasema arudishwe kwao. Nilikuwa namkaripia anyamaze, maana sipendi mtu wa kulialia kwenye biashara yangu. Lakini nilimhurumia sana. Alikuwa anaamka kabla ya kuku kumpikia mtu asiyekula.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Happy hakuwa na sketi. Shati jeupe Felisita alishalitoa kwenye shati kuukuu la baba yake. Sketi ya bluu ndiyo ilikosekana, kwa sababu bluu ile ya shule huipati hovyo kwenye nguo chakavu, hata mezani kwangu ilikuwa imeisha. Niragira akamtuma mtoto kwa babu: je, babu hana nguo yoyote ya bluu ambayo haivai tena? Mzee akajibu kwamba anayo, kesho ataitundika kwenye ua wa minyaa, mama Happy aichukue.

Aliyoifikiria mzee ni ovaroli. Zamani aliwahi kufanya kazi ya barabara, ovaroli likabaki, la bluu, gumu kama gunia. Lakini asubuhi ile, kabla hajalitoa hilo ovaroli, alifungua sanduku lake akatoa koti lipate upepo kidogo, maana nondo walishaanza kulionja. Akalitandaza juu ya minyaa. Nalo lilikuwa la bluu, bluu nzito. Akarudi ndani kutafuta ovaroli lilipo, na mnajua mzee akitafuta kitu peke yake inavyokuwa.

Hilo koti lilikuwa na heshima yake hapa kijijini. Mzee Ndikumana aliingia nchi hii kijana, amekimbia Burundi hana hata shuka, na kahawa yake ya kwanza ndiyo iliyonunua kile kitambaa na kumlipa fundi. Alifunga nalo ndoa na bibi Marsiana. Akalivaa watoto walipobatizwa, kisha akalikunja. Hata siku ya kumzika mkewe hakulivaa. Alituambia pale msibani, wote tukasikia, kwamba koti hili sasa ni la kuzikiwa, anataka akifika huko Marsiana amtambue. Niragira naye alisikia kwamba koti lipo. Ila hakuwahi kuliona, kwa sababu sanduku liko chumbani, na chumbani haingii.

Basi akatoka kuteka maji, akakuta nguo ya bluu kwenye ua, pale pale alipoambiwa. Angemuuliza nani? Happy alikuwa ameenda kucheza kwa jirani. Akaichukua, akashukuru kimoyomoyo, akaja nayo senta mbio mbio.

Felisita alilipapasa lile koti, akaligeuza, akamuuliza Niragira kama mwenyewe ameridhia. Huwa anauliza hivyo kila mteja, hafumui nguo ya mtu kabla ya kusikia jibu. Niragira akasema ameridhia, tena kasema mwenyewe. Mimi nikadakia kwamba kumbe mzee ana roho nzuri kiasi hicho, nguo nzima namna hii. Koti lile mara ya mwisho kuliona nilikuwa msichana mdogo, ningelijuaje? Felisita akachukua wembe, akaanza na kwapa.

Kesho yake asubuhi Niragira alifika senta hana viatu. Alifika na kukaa chini kwenye vumbi. Kumbe mzee alikuwa ameamka anatangaza wizi. Jana alidhani upepo, akatafuta chini ya ua na shambani mpaka giza. Leo amekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, anasema aliyeiba sanda yake hatakaa kwenye kitongoji hiki. Niragira alisikia neno koti, akasikia neno bluu, akaelewa. Akaja kulichukua alirudishe kwenye ua kimyakimya kama alivyolikuta.

Akainua macho akaona kamba ya Felisita. Mkono mmoja unaning'inia huku, mkono mwingine kule, mgongo katikati, kola imejikunja peke yake mwisho wa kamba. Vyote vimefuliwa, vinachuruzika maji. Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi vile.

Na kabla hatujafikiri, nikamwona mzee Ndikumana anakuja na fimbo yake kutoka upande wa kanisa. Nikamvuta Niragira mkono, nikamsukuma nyuma ya magauni yangu yaliyotundikwa. Ndilo jambo pekee nililoweza kumfanyia.

Mzee alisimama mbele ya kamba. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alishika ule mkono wa koti, akaubana maji kwa vidole, taratibu, kama anayemkausha mtoto. Felisita akasimama, akamwamkia. Mzee hakuitikia. Nimeishi hapa miaka yote, sijawahi kusikia mzee yule akimnyima mtu marahaba.

Kisha akauliza nani ameleta. Felisita hasemi uongo, hiyo ni tabia yake nyingine ya kuudhi. Akamwambia kwamba ameleta mtu aliyeambiwa achukue nguo ya bluu kwenye ua. Nikaona uso wa mzee unahesabu. Ua, bluu, jana. Akajua ni maneno yake mwenyewe. Lakini mnajua hasira, ukishaipandisha mlimani hairudi kwa kuitwa. Akatazama huku na huku, na macho yake yakafika chini ya magauni yangu, ambapo miguu ya Niragira ilikuwa inaonekana, imejaa vumbi. Mzee akageuka haraka akatupa mgongo. Hata katika hasira ile alikumbuka kwamba ni mkwewe.

"Mwambie huyo aliyejificha," akamwambia Felisita, "mke wangu nitamkuta na nini mimi? Jumapili kama koti langu halipo, arudi kwao Nyamigogo. Mtoto atabaki."

Nyuma ya magauni nikasikia Niragira amejiziba mdomo. Mtoto atabaki! Nilitaka kumjibu mzee, nilishavuta pumzi, Felisita akanizuia kwa jicho tu. Akaenda akasimama karibu na mzee na tepu yake shingoni. Akamwambia kwamba hajakata hata kipande kimoja, amefumua tu. Nguo iliyofumuliwa inashonwa. Maji ndiyo yakimwagika hayazoleki, kitambaa kinazoleka. Akamwomba ainue mikono ampime.

Mzee akasema vipimo vyake viko kwenye koti.

"Vilivyo kwenye koti ni vya bwana harusi, mzee wangu," Felisita akasema. "Mimi nataka vya kwako."

Alisema kwa upole, hakuna aliyecheka. Mzee akasimama vile, akainua mikono. Felisita akampima kifua, akampima mabega, akampima mgongo, akavitandika vile vipande kwenye benchi kuvilinganisha. Nikaona kwa macho yangu. Kila upande kitambaa kilikuwa kinambakia mzee, kiganja hapa, kiganja pale. Koti lile lingemeza jamaa wawili wa saizi yake. Felisita akaniangalia, na ndipo nikaelewa anachofikiria, nikasema moyoni huyu mwanamke amerukwa na akili.

Maana alimwambia mzee kwamba Jumapili ataleta koti. Na kwa Niragira, mzee alipokwishaondoka, akasema Jumapili ataleta na sketi.

Nikamfokea. Nilimwambia aachane na sketi, ashone koti tu, amwokoe mtoto wa watu. Shule si mwisho wa dunia, Happy atasubiri. Felisita akaniambia mzee mwenyewe alikubali kumpa mjukuu nguo ya bluu, na ahadi ya babu haifutwi kwa sababu ya hasira za asubuhi. Ovaroli lenyewe alishaliona siku za nyuma, limeoza magotini na mgongoni, halitoi hata nusu ya sketi. Akaanza kupiga pasi. Nikaenda kukaa kwenye belo langu la mitumba nimenuna.

Lakini nilitazama, na ninachowaambia nilikiona. Lile koti kwa nje lilikuwa limepauka kwenye mikunjo ya sandukuni, na nondo wameacha alama zao kifuani. Felisita akaligeuza. Uso wa ndani, ule ambao haukuwahi kuona jua tangu ndoa ya mzee, ulikuwa bluu kama wino. Akapunguza mgongo, akapunguza ubavu, akapunguza mikono. Palipoonjwa na nondo, hapo ndipo alipopitisha mshono, pakaingia ndani na kupotea. Vitundu vya zamani vya vifungo akavifunga kwa uzi mwembamba mpaka huvioni, akatoboa vingine. Bitana ilikuwa imeoza, nikampa sketi moja ya hariri kutoka mezani kwangu. Asante sikumbuki kupewa, na wala sikuitaka.

Yale mapunguzo hakutupa hata uzi. Vilikuwa vipande vyembamba, virefu, vya kupanuka upande mmoja. Fundi mwingine angefutia mashine. Felisita akavipanga kimoja pembeni ya kingine kama vipande vya chungwa, akavishona, na sketi ikazaliwa mbele yangu. Sketi ya vipande, yenye kuchanua chini, yenye mkanda uliotoka nyuma ya kola. Niliigeuza kutafuta kasoro, maana ndiyo kazi yangu, sikuiona. Nikamwambia haina ubaya. Kwa mdomo wangu hiyo ni sifa kubwa.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwa mzee. Mimi sikualikwa, nilienda kwa miguu yangu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba. Niragira alikuwa jikoni, jiko la nje la udongo, amesimama nyuma ya mlango ambapo anasikia na haonekani. Kando ya mlango niliona mfuko wake umefungwa tayari. Sitasahau ule mfuko.

Happy alitoka kwanza amevaa sketi na shati lake jeupe. Akazunguka, sketi ikachanua. Babu akaitikia kwa kichwa. Felisita akamshikia koti, mzee akaingiza mkono mmoja, akaingiza mwingine. Lilimkaa, jamani. Mabega yake yalikuwa yamerudi mahali pake. Yule mzee aliyekuwa anapotea ndani ya mashati yake, sasa alikuwa mtu mwenye mwili.

Akapeleka mkono kifuani kushoto, mahali pa mfuko, kuweka rozari. Hapakuwa na mfuko. Mkono ukabaki pale pale. Felisita akamwambia mfuko haukupotea. Nguo ikigeuzwa, cha kushoto kinahamia kulia. Mzee akapapasa kulia, akaukuta. Akatumbukiza rozari, akaupigapiga mfuko. Akasema Marsiana alikuwa anapenda kusimama kulia kwake. Nikaangalia pembeni, mimi na macho yangu mabovu.

Tukadhani yamekwisha. Mzee akaendelea kulikagua, mtu mgumu yule, akakunjua ncha ya mkono wa koti, akakuta ndani kitambaa kimekunjwa kipana. Akatazama pindo la chini, hivyo hivyo. Akatazama mshono wa ubavuni, hivyo hivyo. Akamvuta Happy karibu, akaangalia pindo la sketi yake, akakuta kiganja kizima.

"Huyu umemwachia akiba kwa sababu anakua," akasema. "Mimi umeniachia ya nini? Mimi nakwenda kuzikwa."

Felisita alikuwa anakusanya pini zake. Hata hakuinua kichwa.

"Ukila utanenepa, mzee. Nikilibana, mwakani utanijia tena nilifumue."

Mzee akamtazama. Nilidhani atakasirika, nikajiandaa kugombana. Mabega yakaanza kutikisika, yale mabega mapya, na kwanza sikujua analia au anacheka. Nadhani yalikuwa yote mawili. Alijifuta kwa kiganja, kwa uangalifu asilowanishe koti. Halafu akageuza kiti chake, akaupa mgongo mlango wa jiko kama heshima inavyotaka, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Happy, nenda kamwambie mama yako afungue huo mfuko wake. Mwambie apakue chakula, na aongeze. Babu ana koti la kujaza."

Mtoto akakimbia kwenda kusema, lakini alichelewa. Niragira alikuwa ameshashika mwiko.